NENO "SUKR": ASILI YAKE NA SAFARI YAKE KATIKA LUGHA ZA WATU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu majina ya vitu na akampa akili ya kupambanua lenye kheri na lenye shari. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, wasikilizaji mlioko majumbani na wanafunzi mlioko vyuoni, leo tumependa tuzungumze nanyi juu ya historia ya neno moja tu la Kiarabu. Neno hilo ni sukr, yaani ulevi. Huenda mtu akauliza: yana faida gani mazungumzo ya neno moja katika siku tukufu kama hii ya Ijumaa? Tunasema kwamba faida ipo, na ni kubwa. Maneno husafiri kama wasafirivyo watu. Hutoka kwao, hupanda vyombo, huteremka bandari za ugenini, wakati mwingine hubadili mavazi na hata tabia. Na mtu asiyejua asili ya neno huweza kudanganywa nalo akatumbukia shimoni huku akiona.

Tuanze na asili. Neno sukr limejengwa juu ya herufi tatu: siin, kaaf na raa. Wanavyuoni wa lugha wanaeleza kwamba katika shina hili imo maana ya kuziba na kuzuia. Waarabu huita sakr kitendo cha kuziba mto ili maji yasipite, na hata leo watu wa Sham wakitaka kusema "funga mlango" hutumia neno la shina hili hili. Imamu Raghib al-Isfahani, katika kitabu chake mashuhuri cha maneno ya Qur'ani, ameieleza sukr kuwa ni hali inayoingia baina ya mtu na akili yake. Akaongeza kwamba mara nyingi neno hili hutumika kwa ajili ya kinywaji, lakini hali hiyo huweza pia kumpata mtu kwa ghadhabu au kwa mapenzi yaliyopita mpaka. Tazameni jinsi maana zilivyoshikana: kama vile boma linavyosimama baina ya maji na shamba, ndivyo ulevi unavyosimama baina ya mtu na akili yake. Akili ipo, lakini haimfikii mwenyewe.

Ndani ya Qur'ani Tukufu shina hili limekuja mara saba, katika aya sita. Katika Suratun Nisaa, aya ya 43, Waislamu walikatazwa kuikaribia Sala wakiwa walevi, nayo ilikuwa ni hatua mojawapo kabla ya kuharimishwa kabisa katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91. Katika Suratun Nahl, aya ya 67, ambayo iliteremka Makka kabla ya makatazo, yametajwa matunda ya mitende na mizabibu ambayo watu hufanyia sakar na riziki njema. Wafasiri wakatanabahisha kwamba tangu hapo sakar imetengwa mbali na riziki njema, haikutiwa ndani yake. Katika Suratul Hijr limekuja mara mbili: katika aya ya 15, kwa maana ya macho kuzibwa, na katika aya ya 72, kwa maana ya upotevu wa watu wa Nabii Lut. Katika Suratul Hajj, aya ya 2, limekuja mara mbili katika aya moja: Siku ya Kiyama watu wataonekana kama walevi, na hali si walevi, ila ni ukali wa adhabu. Na katika Suratu Qaaf, aya ya 19, limekuja kwa maana ya uchungu wa mauti. Basi katika mara saba hizo, nyingi hazisemi habari ya pombe. Zinasema habari ya akili iliyotengwa na mwenyewe, iwe kwa kinywaji, kwa upotevu, kwa khofu au kwa mauti.

Sasa tuangalie jinsi neno lilivyosambaa. Hapa inatupasa tupambanue njia mbili, maana wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya lugha zilizo ndugu wa Kiarabu. Njia ya pili ni ya lugha zilizochukua kutoka kwa Kiarabu.

Lugha zilizo ndugu wa Kiarabu zina neno hili tangu zamani sana, kabla Waarabu hawajaanza kuandika. Watu wa Babeli, katika nchi ya Iraq ya leo, waliita pombe yao ya shayiri shikaru. Neno hilo limo katika sheria za mfalme Hammurabi, zilizochongwa juu ya jiwe yapata miaka 1750 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), mahali panapotajwa wanawake wenye vilabu na bei ya pombe yao. Mayahudi katika Kiebrania husema shekhar kwa kinywaji kikali, na shikor kwa mlevi. Na Wahabeshi, katika lugha yao ya kale ya Kigeez na katika Kiamhara cha leo, husema sekkere kwa maana ya "alilewa". Haya hayakutoka katika Kiarabu, wala Kiarabu hakikutoka kwayo. Ni kama watoto wa baba mmoja, kila mmoja amerithi sura ile ile. Wanafunzi wetu na waangalie kwamba siin ya Kiarabu katika neno hili huwa ni shiin katika Kiebrania, kama salaam inavyokuwa shalom.

Kutoka kwa ndugu hawa neno lilivuka bahari mpaka Ulaya. Mayahudi walipoviingiza vitabu vyao katika lugha ya Kiyunani, shekhar liliandikwa sikera. Ndilo neno lililomo katika Injili ya Luka kwa Kiyunani, katika habari za Nabii Yahya (A.S.), panaposimuliwa kwamba baba yake, Nabii Zakaria (A.S.), aliambiwa na malaika kuwa mtoto huyo hatakunywa mvinyo wala sikera. Kutoka Kiyunani likaingia Kilatini kwa sura ya sicera, kisha katika Kifaransa likawa cidre, Kihispania sidra, na Kiingereza cider, na maana yake ikapungua ikawa ni pombe ya matofaa peke yake. Tizameni mageuzi ya dunia! Neno lililotajwa katika habari za Mtume aliyeepushwa na ulevi, leo limeandikwa juu ya chupa zinazouzwa madukani, na wengi huzidhania kuwa ni maji ya matunda tu. Na Mayahudi wa Ulaya, katika lugha yao ya Kiyidishi, walimwita mlevi shiker, na neno hilo likafika hata katika Kiingereza cha mitaani cha Australia.

Njia ya pili ni ile ya Uislamu wenyewe. Popote ulipofika Uislamu, Qur'ani ilifika, na pamoja nayo yalifika maneno yake. Waajemi walilichukua neno sukr, na wakachukua muskirat, yaani vitu vyenye kulevya. Masufii wa mwanzo walitumia sukr kwa hali ya mja kuzama katika kumpenda Mola wake hata akajisahau, na kinyume chake wakakiita sahw, yaani kuzindukana. Wengine, kama Abu Yazid al-Bistami, walijulikana kwa hali ya kwanza. Wengine, kama al-Junayd wa Baghdad aliyefariki mwaka 910, waliona kuzindukana ndiko kulikokamilika zaidi. Kutoka Uajemi maneno haya yakaingia Bara Hindi katika Kiurdu, na yakaingia Uturuki. Waturuki waliliweka neno muskirat hata katika sheria. Tarehe 14 Septemba 1920 Bunge Kuu la Ankara lilipitisha sheria ya kukataza müskirat. Sheria hiyo ikalegezwa mwaka 1924. Wasomali, jirani zetu, humwita mlevi sakhraan. Na huko Malta, kisiwa kilichotawaliwa na Waislamu kuanzia mwaka 870 mpaka Wanormani walipokishika mwaka 1091, watu wake leo ni Wakristo, lakini lugha yao ni tawi la Kiarabu, na ulevi kwao ungali unaitwa sakra.

Na sisi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki je? Neno lilitufikia, lakini lilikuta nyumba ina wenyewe. Kiswahili kilikuwa na maneno yake ya Kibantu, kulewa, mlevi na ulevi, nayo hayakuondoka. Wala hayakuwa na upungufu, maana sisi nasi husema fulani amelewa mapenzi, fulani amelewa madaraka, vile vile alivyoeleza Imamu Raghib kwa Kiarabu. Neno sakarani likabaki kwa uchache, kwa maana ya mlevi au mtu asiyejizuia, na wengi wa vijana wetu hawalijui. Limehifadhika katika historia kwa namna ya ajabu. Afisa wa Kijerumani Tom von Prince, aliyepigana na Wahehe katika miaka ya 1890 na aliyeuawa katika vita vya Tanga mwezi wa Novemba 1914, aliitwa na watu Bwana Sakarani, kwa ukali wake vitani. Shamba lake huko Usambara, karibu na Soni, likachukua jina hilo, na mahali hapo panaitwa hivyo mpaka leo. Jina hilo halikusudii mvinyo. Linakusudia mtu aliyeleweshwa na vita. Waliomwita hivyo walilielewa neno vizuri kuliko wengi wetu.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo shina hili limekaa imara katika kila nyumba ya Kiislamu ya pwani na bara. Nani asiyejua sakaratul mauti? Hata bibi asiyejua kusoma analitamka. Waturuki wanalo, Waajemi na Wahindi wanalo, Wamalayu na watu wa Indonesia wanalo. Mpwa anakuja mbio na kusema: "Shangazi, njoo upesi, babu yumo katika sakarati," na shangazi huacha alilo nalo, akachukua maji na msahafu, akenda kumlakinia shahada. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) katika saa zake za mwisho alikuwa akitia mikono yake katika maji na kujipangusa uso, akisema kwamba mauti yana sakarati zake. Kama ilikuwa hivyo kwa kipenzi cha Mwenyezi Mungu, sisi tutakuwaje?

Ndugu zetu, hapa ndipo panapotupasa tutue na tufikiri. Lugha yetu imelichukua neno hili kwa kitanda cha mauti, na kwa chupa ikatumia neno jengine. Kwa hiyo masikio yetu hayasikii kwamba kwa Kiarabu mambo haya mawili ni shina moja. Kila mmoja wetu ataionja siku ambayo akili yake itazibwa asiweze kuifikia, na siku hiyo hana hiari. Basi ni mtu gani mwenye busara anayelipa fedha yake ili aionje hali hiyo kila jioni kwa khiari yake? Na ikiwa mauti yatamkuta humo, sakarati moja juu ya nyingine, ni nani atakayemlakinia, na ni ulimi gani utakaotamka?

Faida ya pili ni katika sheria. Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alipopelekwa Yemen alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vinywaji viwili vya huko. Kimoja ni bit'u, kilichotengenezwa kwa asali, na cha pili ni mizr, kilichotengenezwa kwa shayiri. Hivyo havikuwa vinywaji vya Madina, maana khamri ya watu wa Madina aghalabu ilitokana na tende. Mtume (S.A.W.) hakuanza kuchambua jina la hiki na jina la kile. Alijibu kwa neno la shina letu hili: kila muskir ni haramu, yaani kila chenye kulevya. Na Seyyidna Umar (R.A.) alisimama juu ya mimbari akataja vitu vitano ambavyo khamri ilikuwa ikitengenezwa kwavyo, zabibu, tende, asali, ngano na shayiri. Kisha akaeleza kwamba khamri ni kila kinachoifunika akili. Hukumu haikufungwa katika jina, imefungwa katika athari. Ndiyo sababu Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alipoulizwa juu ya hashishi, kitu ambacho hakikuwa na jina wakati wa Masahaba, aliitia katika hukumu ya vilevi.

Na Mtume (S.A.W.) alikwisha kutahadharisha kwamba watakuja watu katika umati wake watakaokunywa khamri na kuiita kwa jina lisilokuwa lake. Angalieni majina yalivyo mengi kwetu: tembo, mnazi, ulanzi, mbege, wanzuki, busaa, gongo, chang'aa. Tena yapo majina ya kusitiri, kama "kinywaji" na "kuchangamsha damu." Mwezi wa Novemba 2000 mjini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, sumu inayopofua macho na kuua. Jina lake lilikuwa "kumi kumi," kwa sababu kipimo kiliuzwa shilingi kumi. Jina jepesi, bei nyepesi, na ndani yake kaburi. Na leo vijana wetu wa pwani wanaangamia kwa heroini, ambayo mitaani huitwa "unga," kama kwamba ni kitu cha kupikia ugali. Mama akisikia mwanawe anatafuta unga, haogopi. Majina haya yametungwa ili asiogope.

Wako pia wanaotubishia kwa elimu ndogo. Husema: "Mbona neno alkoholi ni la Kiarabu? Basi pombe imetoka kwenu." Tunawajibu kwa upole. Ni kweli kwamba neno hilo limetokana na al-kuhl. Lakini al-kuhl ni wanja, ule unga laini ambao mama zetu hujipaka machoni. Wanavyuoni wa kemia wa Ulaya walilichukua kwa maana ya kitu chochote kilichosagwa na kusafishwa kikawa laini kabisa, kisha katika karne ya 16 likatumika kwa roho ya mvinyo, na hatimaye likabaki kwa maana hiyo peke yake. Vile vile araki, asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya jasho, kwa matone yanavyotoka katika chombo cha kukenekea. Neno kubeba maana ya haramu katika lugha za wengine si hoja ya kuihalalisha haramu katika dini.

Na wanafunzi wasichanganye neno letu na sukari. Sukari imetoka Kihindi cha kale, ikapita Uajemi, ikaingia Kiarabu, ndipo ikatufikia sisi. Sauti zake zimefanana na za sukr, lakini nasaba zao ni mbali mbali.

Lipo neno jengine linalokaribiana na hili kwa maandishi, nalo ndilo tunalotaka mlishike. Andikeni siin, kaaf na raa, mtasoma sukr, ulevi. Sasa wekeni nukta tatu juu ya meno ya siin, ikawa shiin. Mtasoma shukr, yaani kushukuru. Hakuna kilichobadilika katika karatasi ila nukta tatu. Wazee wetu waliosoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa wakiliona jambo hili kila siku. Hatusemi kwamba maneno haya yana asili moja. La, kila moja lina shina lake. Lakini mafunzo yamo. Akili ni neema. Mwenye kuitumia katika kumjua Mola wake, kulea wanawe, kutafuta riziki ya halali na kuwatendea wema jirani zake, huyo ameishukuru. Mwenye kuiziba kwa makusudi ameikufuru neema, hata kama ulimi wake unasema alhamdulillahi.

Basi tunawausia nyinyi na tunajiusia nafsi zetu. Baba uliyepokea mshahara wako, kumbuka watoto wanaongojea mlangoni, usiugeuze mshahara kuwa boma baina yako na wao. Mama, yajue majina mapya ya vilevi, yasikupite yakiingia nyumbani kwako kwa mavazi ya kigeni. Kijana, ukipewa kitu usichokijua, usiulize kinaitwaje. Uliza kinaifanya nini akili. Ikiwa kinailevya, jawabu amekwisha kuitoa Mtume wako (S.A.W.). Na nyote mlio na ndugu aliyekwisha kunaswa, msimtupe wala msimcheke. Mshikeni mkono, mumpeleke kwa wanaojua kutibu, mumwombee Mungu. Mlango wa toba u wazi maadamu roho haijafika kooni.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie akili zetu na za watoto wetu. Warejeze waliopotea miongoni mwetu. Tusahilishie sakarati za mauti, na utujaalie neno letu la mwisho liwe ni Laa ilaaha illa llah. Amin. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.